Maji ya Wageni

Saumu mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, kwani asubuhi hii nimekuona ukila vipande viwili vya muhogo na kuficha cha tatu kwenye leso ukidhani sikuona. Hali yangu ndiyo usiyoijua, na hiyo ndiyo nitakayoiandika.

Umekwenda Gazi kuaga, na jamaa wa Gazi nawajua, hawatakuachilia kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa uani nimekaa mkekani na karatasi hizi nilizomwomba mwalimu wetu wa ngumbaru. Aliponiuliza nyingi hivi za nini, nikamwambia nataka kujizoeza herufi. Basi ona, hata sijaanza kusema kweli nimeshamdanganya mtu.

Mambo ya nguo, chakula na vijana wa Nairobi nimewaachia mashangazi zako, na najua wamekwambia mpaka umechoka. Mimi nina neno moja. Nataka nikwambie jinsi mamako mzazi, dada yangu Mejumaa, alivyofariki. Unajua kwamba alikufa kwa kipindupindu. Hujui alikipata wapi. Alikipata kwangu, kwa mkono wangu huu, na watu wa serikali waliponiuliza, niliwadanganya. Ukishalijua hili sijui kama utaendelea kuniita mama, kama unavyoniita tangu mwaka ule. Naliogopa hilo kuliko safari yako yote ya gari moshi.

Ningeweza kunyamaza, nimenyamaza miaka mitano na mdomo umeshazoea. Lakini wewe unakwenda kusomea kazi ya afya. Siku moja utapelekwa kwenye nyumba za watu ukawaulize walikunywa maji gani na walikula kwa nani. Siwezi kukuacha ukaulize swali hilo kwenye milango ya wengine, na ndani ya nyumba iliyokulea halijajibiwa.

Mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na miwili, mkikaa Shimoni, wewe na mamako, kwa sababu babako alikuwa ameshahamia Tanga kwa mke mwingine. Redio ilikuwa ikisema kwamba ugonjwa unatoka nchi za mbali, unavuka nchi baada ya nchi. Sisi hapa Msambweni tuliusikia kama tunavyosikia habari za vita vya watu wengine. Kisha akaja Bwana Afya.

Alikuja kwa baiskeli, kijana wa bara, kaptura yake imepigwa pasi hata ungeweza kukatia kitunguu. Aliingia uani kwangu bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akafunua kifuniko na kutia pua.

"Mama, hii maji lazima ichemshwe," akasema. "Na hakuna kukusanyika kula. Mtu akihara anapelekwa kambi saa hiyo hiyo. Na maiti haioshwi."

"Na salamu je, mwanangu, nayo imekatazwa?" nikamwuliza.

Akashangaa. "Salamu?"

"Umeingia kwa watu hukubisha hodi, wala hukusema hujambo."

"Niko na nyumba mingi, mama," akasema, akapanda baiskeli akaenda zake.

Wanawake wa mtaa tulilicheka jambo hilo wiki nzima. Kila aliyekuja kuteka maji kisimani kwangu alinitaka nimwigizie Bwana Afya, nami sikuhitaji kubembelezwa. Nilitembea kwa kifua mbele, nikatia pua mtungini, nikasema, "Niko na nyumba mingi." Walicheka hadi wakamwaga maji. Na mtu ukishamcheka hivyo, Saumu, kumtii ni kazi kubwa.

Yalisemwa mengi. Wako waliosema dawa nyeupe wanayotia visimani ni ya kufunga uzazi. Wazee walisema hatukumwondoa Mzungu ili tuje kuamrishwa na mtoto. Wengine walikumbusha siku za ndui, watu wa serikali walipokuja wakachoma vitanda vya watu na kuwaacha wakilala chini. Huko chuoni watakufundisha kwamba watu wa vijijini hawatii kwa sababu hawaelewi. Usilikubali hilo haraka. Mimi nilielewa, na lau nisingalielewa huenda leo ningelala usingizi mzuri.

Nilielewa kwa sababu ya babako mdogo Bakari. Wakati huo alikuwa mlinzi katika hoteli moja Diani, akirudi nyumbani kila Alhamisi. Alikuja akaniambia kwamba hotelini maji yote yanachemshwa, ya kunywa na ya kupigia mswaki, na hakuna mgeni wala mpishi aliyeugua. "Chemsha, Mwanamisi," aliniambia. "Huyo kijana hana adabu, lakini hajasema uongo." Basi nikachemsha. Kila alfajiri sufuria jikoni, maji yanachemka hadi yanaruka, yanapozwa, yanatiwa kwenye mtungi mdogo wa ndani. Watoto walinung'unika kwamba yananuka moshi, nikawaambia anayetaka marashi aende kwa mwuza marashi.

Lakini nilikuwa na mtungi mwingine, ule mkubwa wa barazani. Wewe hujapata kuniona nikifukiza mtungi, na wenzangu hudhani siku hizi nimekuwa mvivu. Zamani nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilikuwa naukausha, nauinamisha juu ya chetezo cha ubani hadi moshi unaingia kwenye udongo wenyewe, kisha natia maji ya kisimani yaliyochujwa kwa kitambaa cheupe. Ukinywa, ubani unakupanda hadi puani, na ubaridi wake ukautafute kwingine. Watu walikuwa wakipita njia wanakata kona waje kunywa maji ya Mwanamisi. Wanawake wengine wana sifa ya uzuri, wengine ya sauti. Mimi sifa yangu ilikuwa maji.

Sasa niambie, ningempa mgeni maji ya sufuria? Maji ya uvuguvugu yenye harufu ya kuni za mkanju, kana kwamba mtu huyo ni mzazi wa siku mbili au mgonjwa wa kuhurumiwa? Nilijiambia kwamba maji yenye harufu nzuri namna ile hayawezi kuwa na uchafu. Nilijiambia, lakini sikuamini. Ningaliamini, ningaliwapa wanangu. Nilikuwa na maji ya kuokoa watu na maji ya kuwaheshimu, nikayaweka mbalimbali, na wala sikuona kwamba nimefanya jambo la ajabu.

Ukatimia mwaka tangu kufariki kwa bibi yako, mama yetu mimi na Mejumaa, tukataka kumsomea hitima. Mikusanyiko ya chakula ilikuwa imekatazwa. Tukasema tutaita watu wa nyumbani tu. Unawajua watu wa nyumbani kwetu. Uani hapakuwa na pa kutia mguu.

Wewe na mamako mlikuja juu ya lori la miwa, dereva akawashusha pale njia panda ya kwetu. Mamako alikuwa amechoka na vumbi limemjaa kwenye nyusi. Nilifurahi kumwona, hata nikasahau kuwa na hasira naye kwa kutokuja tangu Mfungo Tatu. Nikampa mkono, nikambusu wake, nikamkalisha mkekani kati ya wake wa wajomba. Kisha, nakuapia, nilikwenda ndani nikamtekea maji ya mtungi mdogo. Alikuwa dada yangu, si mgeni. Nilitaka anywe yale tunayokunywa sisi.

Alionja, akaiweka bilauri chini.

"Mwanamisi," akasema, akitabasamu kwa wale wanawake, "mimi nimetoka Shimoni na kiu yangu yote nikiwekea maji yako, nawe unanipa ya kukandia? Nimeugua lini?"

Wakacheka. Mke wa mjomba mmoja akasema, "Ameshakuwa Bibi Afya huyu." Wakacheka tena, na safari hii nilichekwa mimi, kwa kicheko kile kile nilichowafundisha mwenyewe.

Ningemwambia nini? Ningeweza kusema, dada, kunywa haya, yale mengine yana hatari. Lakini wale wanawake wote walikuwa wameshakunywa yale mengine, bilauri ziko mikononi mwao. Kusema hivyo ni kusema, nyinyi nimewapa hatari na dada yangu namficha. Nikainuka, nikaenda barazani, nikachota kata iliyojaa nikamjazia bilauri, nikamletea. Akanywa yote, akanirudishia bilauri nikamwongeze.

Nawe ulikuwa umesimama begani kwake, ukasema, "Mama mdogo, na mimi nataka hayo ya ubani." Nikakukemea mbele za watu. Nikakwambia watoto hunywa ya ndani. Ulilia, na kwa miaka mingi umenitania kwamba mama mdogo alikunyima maji siku ya hitima. Kila ukinitania hivyo nacheka, kisha naondoka nikatafute kazi ya kufanya jikoni. Wewe ulipona, Saumu, kwa sababu hukuwa umefikia umri wa kuheshimiwa.

Usiku wa pili mamako akaanza kuhara. Kufika alfajiri macho yalikuwa yameshaingia ndani na vidole vimekunjamana mithili ya mtu aliyefua nguo kutwa. Nilijua ni nini. Kambi ya mahema haikuwa mbali, na watu waliofikishwa mapema walikuwa wakirudi na miguu yao. Hilo pia nililijua, maana jirani yetu mmoja alikuwa ameshakwenda na kurudi. Lakini aliyefia huko alizikwa na watu wa serikali kwa chokaa, hajaoshwa, na mimi kila nilipomtazama dada yangu nilimwona akiingia kaburini na uchafu wake kama mtu asiye na jamaa. Nikafunga mlango. Nikampa maji ya mchele na chumvi kidogo kidogo, nikamsomea, nikakupeleka wewe kwa jirani. Nilimficha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wenye kujua walinieleza baadaye kwamba saa hizo ndizo zilizokuwa uhai wake.

Bakari aliporudi, maana ilikuwa Alhamisi, aliuvunja mlango kwa bega, akakimbia kumwita Bwana Afya. Walipofika na machela, mamako alikuwa ameshakata roho.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu mtu yule tulimcheka sana. Safari hii alibisha hodi. Alivua kofia. Nilipomwambia kwa ukali kwamba dada yangu hatazikwa bila ya kuoshwa, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, sheikh amekubali atayamamishwe. Mtafanya nyinyi wenyewe, mkivaa hizi glavu za mikono." Kumbe alikuwa ameshakwenda kwa sheikh tangu mwanzo, na sheikh amemwambia kwamba pasipowezekana maji, udongo safi unatosha. "Mbona hukusema?" nikamwuliza. Akasema alisema, pale sokoni, mwisho wa mkutano aliotuitia. Ni kweli. Alianza na makatazo, na alipofika kwenye ruhusa sisi tulikuwa tumeshaondoka tukimwigiza njiani. Sijui makosa hayo nimgawie nani. Nimejaribu kumgawia yeye yote, hayakai.

Tukamtayamamisha mamako, nikampaka vumbi safi uso na mikono. Kisha Bwana Afya akanivuta pembeni akatoa daftari.

"Mama, huyu alikunywa maji wapi?"

Uani kulikuwa na watu waliokuja kutoa mkono wa pole, ingawa walikatazwa. Wake wa wajomba walikuwepo. Na mtungi wangu upo barazani, unanukia. Nikasema, "Alikunywa njiani. Kwa Bi Riziki, pale barabarani, aliposhuka gari."

Lilitoka jepesi namna hiyo. Bi Riziki alikuwa akiuza uji na mahamri pale gari zinaposimama, mjane, mtu wa kucheka na kila abiria. Jioni ile ile walikwenda wakavunja vyungu vyake, wakamwaga chokaa kwenye banda lake. Alikuwa akiapa kwa jina la Mungu na hakuna aliyemsikiliza. Hata baada ya maradhi kwisha, watu hawakula tena mkononi mwake. Mpaka leo anasuka makuti, vidole vyake umeviona.

Na kisima changu hawakukigusa. Kwa nini wakiguse, walishapata walichokuwa wakitafuta. Wale wengine waliokunywa mtungi wangu hawakuugua, nami nikajishikiza hapo, nikajiambia pengine kweli mamako aliupata njiani. Niliumwaga mtungi kimya kimya, lakini majirani waliendelea kuteka kisimani, na sikuweza kuwakataza bila ya kusema sababu. Baada ya siku nne wakaugua watu wawili wa mtaani. Mmoja wao, binti, alipona. Mzee Salimu, yule aliyekuwa akikutengenezea marimba ya matete kila ulipokuja kututembelea, hakupona. Ndipo wakaja kutia dawa kisima chetu, na mimi niliwakaribisha kwa kahawa.

Nimeandika hadi hapa na mkono unaniuma, na nimeinuka mara moja kwenda kunawa uso. Sitaki nikufundishe kazi, utafundishwa na waliosoma. Nakwambia tu lililo ndani ya mtu anayekudanganya, kwa maana nimekuwa ndani yake. Utakapouliza "ulikunywa wapi," mtu yule mbele yako hatakuwa akifikiria vijidudu. Atakuwa akifikiria ni akina nani wamesimama nyuma yako wanamsikia. Mchukue pembeni, mbali, mahali asipo na mgeni. Na hata hapo huenda akakudanganya. Mimi labda ningalidanganya popote. Sijui, na hilo nalo linanisumbua.

Jana nilipokwambia nakwenda kuuza nazi sikwenda kuuza nazi. Nilikwenda kwa Bi Riziki. Niliona haya kukwambia wewe kabla sijamwambia yeye. Nilimkuta kwenye makuti yake.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningeanza kuuliza habari za wajukuu na ningeishia hapo. Nilimwambia kwamba nilimsingizia. Hakuacha kusuka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Mejumaa hakushuka kwangu. Alipita juu ya lori la miwa, akanipungia mkono."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wale waliokuwa wakimvunjia vyungu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Ulikuwa na maiti ndani, Mwanamisi. Mwenye maiti haambiwi mwongo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na usiku kucha sikulala. Bi Riziki alinistahi. Aliacha riziki yake ivunjwe kuliko kunifedhehesha nina msiba. Na kwa sababu alinistahi, kisima kilibaki wazi siku nne, na Mzee Salimu akanywa. Mimi nilimstahi dada yangu kwa bilauri, Bi Riziki akanistahi mimi kwa kunyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mtu mbaya, na tazama tulivyozika.

Kisha nikakumbuka jambo jingine. Juu ya lori lile hawakuwa mamako na dereva peke yao. Ulikuwepo wewe. Ulijua kwamba hamkushuka kwa Bi Riziki, hamkuonja hata tone la uji wake. Na siku zote hizi umepita mbele ya lile banda lake lililoanguka, ukamwamkia, ukaja nyumbani ukala chakula changu. Hukuniuliza hata mara moja. Ulikuwa mtoto, na hakuna aliyekuuliza. Lakini ulikua. Wewe si mjinga, Saumu, na alama zako za mtihani zinasema hivyo. Sijui kama hukulifikiria kamwe, au ulilifikiria ukanihurumia.

Nilikuwa nimekusudia barua hii niitie chini kabisa ya sanduku, chini ya gauni la buluu, uisome ukiwa umeshavuka Likoni na mimi siuoni uso wako. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi ukirudi, usome hapa hapa taa ikiwaka, nami nitakaa mbele yako.

Ukimaliza kuisoma, nitukane. Niulize lolote. Lia, ukatae nisikusindikize kesho kituoni, nami sitakulaumu. Lakini nakuomba kitu kimoja, mwanangu, ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwomba mtoto wake. Usininyamazie kwa adabu.

Mwanamisi